Wiki ya Kumzamisha Tante

Kama hujawahi kuona Mumormoni akilaza gunia la kahawa kama anayelibatiza, basi hujaishi mtaani kwetu Butembo. Mimi nimeona. Na kusema kweli, wazo lilikuwa langu.

Nianze na Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku pekee ambayo wale vijana wamisionari wa Kimormoni hawakuvaa tai. Ilikuwa siku yao ya kufua. Walipanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, wawili: mmoja Mumalagasi, wa Madagaska, mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, mwingine Muivory, wa Ivory Coast, mpana, mwenye mabega ya kubebea mlango pamoja na fremu yake. Kifuani walikuwa na kibao cheusi chenye cheo chao, na ukikitafsiri kile cheo unapata Mzee. Walikuwa na miaka ishirini hivi, na Mumalagasi alikuwa bado na chunusi kwenye paji. Mtaa mzima uliwaita Muzee na Muzee, na wakiitika wote wawili kwa pamoja tulikuwa tunacheka mpaka tunashika ukuta.

Walitembea pamoja kila mahali. Sokoni wawili, kwa fundi viatu wawili. Mmoja akienda chooni, mwenzake anasimama nje akitazama mawingu kama mlinzi wa depo. Sheria yao. Sheria nyingine: hawaingii nyumba yenye wanawake peke yao. Sasa nyumbani kwetu tulikuwa mimi msichana, Tante, shangazi yangu ambaye ni mjane, na Babu. Kwa hiyo Babu, katekista mstaafu wa Kikatoliki, aliyefundisha nusu ya mtaa Baba Yetu, akageuka mwanaume wa zamu. Wamormoni wakija, anavuta kiti chake, anatoa rozari, anafunga macho.

"Dini yao siko nayo," aliniambia. "Mais kiti ni yangu, na nyumba ni yangu. Basome tu."

Mimi nilikuwa mkalimani. Kifaransa cha Tante kinaishia kwenye bonjour ya salamu na combien ya kuuliza bei, na Kiswahili cha wale vijana kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Nilikuwa la tano sekondari, Kifaransa changu kilikuwa na pointi nzuri, na uongo wangu ulikuwa na pointi nzuri zaidi.

Tante ni mfanyabiashara wa kahawa. Ananunua kwa wakulima wanaoshuka kutoka vilima vya Lubero, anaanika tena uani, anajaza magunia, anauza kwa wenye maghala. Ni mwanamke mkubwa. Sisemi mnene, nasema mkubwa, kama vile mlima ni mkubwa. Alikutana na Wamormoni msimu wa mvua, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, lililobeba magunia yake lilipozama kwenye matope chini ya mteremko. Watu walipita wakisema pole. Wale wawili waliweka mikoba yao juu ya jiwe, wakasukuma na mashati yao meupe. Mumalagasi akateleza, akaanguka kifudifudi, akainuka akiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka soksi, akacheka, akasukuma tena. Hawakumuuliza Tante anasali wapi. Hilo ndilo lililomshangaza. Mtaani kwetu mtu akikusaidia kusukuma, kabla hamjafika juu ameshakualika kwenye mkesha wa maombi.

Baadaye ndipo walipomwambia kwamba kwao mume na mke wanaweza kubaki mume na mke hata baada ya kifo. Mume wa Tante alifia njiani akirudi kutoka Kanyabayonga, wakati wa vita, na hatukuletewa hata kofia yake. Tante aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nitafsiri hivi, neno kwa neno:

"Mwambie nataka nimukute ule bwana. Aliondoka asubuhi tukiwa tumegombana. Nitabaki na ile maneno mu roho mpaka siku gani?"

Nilitafsiri. Sikuongeza chumvi. Hata mimi nina mipaka.

Basi Jumatatu hiyo walikuja na habari mbili, bila tai, mikono ikinuka sabuni ya mche. Ya kwanza: Mumalagasi alikuwa amemaliza miaka yake miwili, na Jumatatu inayofuata angepanda ndege uwanja wa Mavivi, kule Beni, kuanza safari ya kwao. Ya pili: Jumamosi Tante angeweza kubatizwa, kwa sharti moja. Wiki nzima bila kahawa. Kwao kahawa ni marufuku, kama pombe, kama chai.

Muivory, ambaye hajui kuficha siri, akaniambia kando kwamba mwenzake katika miaka yote miwili hakuwahi kubatiza mtu kwa mkono wake. Wa kwanza aliyekuwa tayari alikimbia vita siku tatu kabla. Wa pili, mume wake alipiga meza, naye mke akarudi kwa wakatoliki. Wa tatu aliomba abatizwe na Muivory kwa sababu, alisema, yule mwembamba ataniangusha. Kwa hiyo ilikuwa Tante au hakuna. Kikombe kimoja tu, na Mumalagasi angepanda ndege na mikono mikavu, na Tante angebaki na maneno yake rohoni.

"Donc, Maman, mpaka Jumamosi, hata kidogo," Mumalagasi alisema kupitia mdomo wangu.

"Hata ya maziwa?"

"Hata ya maziwa."

"Hata ile ya jana, yenye imelala mu thermos?"

"Hata hiyo."

Tante akavuta pumzi. "Sawa. Anasema kingine?"

"Anasema," nikatafsiri kwa sura ya utakatifu, "mutoto wa nyumba hapana kuosha vyombo siku ya yenga, ile Jumapili."

Tante alinitazama. Kisha akamtazama Mumalagasi, ambaye alikuwa amefunga mdomo muda mrefu.

"Ule Mungu wake anajua hata masufuria yangu? Basi mwambie asante sana. Na weye, vyombo viko nakungojea tangu asubuhi."

Jumanne ilikuwa mbaya. Mtu ambaye amekunywa kahawa kila alfajiri tangu alipoota meno, ukimnyima anageuka chui. Kichwa kilimuuma Tante mpaka akakifunga kwa kitenge kama mtu aliyepigwa jiwe. Alimfokea muuza makaa, akamfokea jogoo, akanifokea mimi kwa sababu nilipumua.

Na Babu akaanza misheni yake mwenyewe. Kwa kawaida Babu hunywa kikombe kimoja, kimya. Siku hiyo alikunywa vitatu, barazani, mbele ya dirisha la Tante, akivuta kila funda kwa sauti ya bomba lililopasuka. Fyuuuuu.

"Babu, unakunywa ama unafagia?" nilimuuliza.

"Niko nahubiri," akasema.

Tante akatoka na sandali mkononi. Ni baba yake mzazi, hakuweza kumrushia, kwa hiyo akanirushia mimi.

Hapo nilipaswa kuwa upande wa Babu. Mimi pia ni mkatoliki, na napenda fujo. Lakini usiku uliotangulia nilimsikia Tante akizungumza peke yake chumbani, akimweleza mtu fulani kwamba siku ile chakula kilikuwa na chumvi nyingi kwa sababu alikuwa na haraka. Nikachukua mkebe wa kahawa iliyosagwa, nikauficha ndani ya mfuko wangu wa shule, chini ya daftari la hesabu, mahali ambapo hakuna mtu anayefika, hata mimi. Darasa letu lilinukia vizuri wiki ile yote.

Jumatano likazuka swali la nani atamzamisha. Ubatizo wao si wa kunyunyiziwa kama wetu. Unasimama ndani ya maji hadi kiunoni, mbatizaji anakushika, anasema maneno, anakulaza chali mpaka unapotea wote. Wote kabisa. Wanaweka mashahidi wawili pembeni, na kama kidole cha mguu kimebaki juu, haihesabiki, mnarudia. Waumini wa kanisa lao dogo walimtazama Tante, wakamtazama Mumalagasi, wakanong'onezana. Mzee wa kanisa akapendekeza kwa adabu kwamba Muivory ndiye afanye.

"Hapana," Tante alisema. "Huyu njo alianguka mu matope yangu. Huyu njo atanitia mu maji."

Mumalagasi alielewa bila mimi. Rangi ilimtoka. Jioni akaja uani kwetu na mwenzake, akaniuliza kwa sauti ya chini Tante ana kilo ngapi. Nikamwambia swali hilo limewahi kuulizwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo sasa anaishi mbali, kule Alimbongo. Kisha nikaona magunia yaliyopangwa ukutani, na lile wazo likanishukia.

Tulisimamisha gunia moja lililojaa. Mbele yake nikatandika magunia matupu yawe maji. Mumalagasi akashika masikio ya gunia kwa mkono wa kushoto, akaweka wa kulia mgongoni mwake. Maneno matakatifu hakuyasema, aliyaheshimu. Alihesabu tu moja, mbili, tatu kwa Kiswahili. Akalilaza. Gunia likaenda, naye akaenda nalo, tai ikabaki hewani kwa sekunde nzima kabla ya kumfuata. Muivory alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la kahawa na suruali yake nyeusi.

"Tena," Mumalagasi akasema.

Mara ya pili gunia lilimlalia mguu. Mara ya tatu alilipeleka chini lakini hakuweza kulirudisha juu.

"Tante umezama, hauwezi tena kutoka," nikamwambia. "Umeua mutu. Tuite nani, padiri ama polisi?"

"Tena."

Watoto walijipanga juu ya ukuta wa jirani. Wapita njia wakasimama. Babu akatoka na kikombe chake kitupu, akatazama vijana wawili wenye tai wakimlaza mtu wa gunia na kumwinua, kumlaza na kumwinua, akafikiri kwa makini kama mtu anayesoma sheria.

"Ah," akasema mwishoni. "Sasa nimeelewa. Banabatiza kwanza kahawa, kisha banakunywa."

Hata Tante alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akasogea, akamshika Mumalagasi magoti kwa nyuma na kuyakunja kwa nguvu, kama anavyowafundisha wapakiaji wake. "Hapana na mugongo. Na magoti. Gunia inabebwa na magoti." Giza lilipoanza kuingia, yule kijana alikuwa analilaza gunia polepole kama mtoto anayelala, na kulirudisha wima. Shati lake halikuwa jeupe tena, na hakuonekana kujali.

Alhamisi ndiyo siku ya wakulima kushuka na kahawa, na hapo karibu tupoteze kila kitu.

Lazima uelewe jinsi Tante anavyonunua. Haangalii kahawa kwa macho, macho yanadanganywa. Anachota kiganja, anachagua punje moja, anaiuma. Ikilia ka!, imekauka, anapima. Ikinyamaza chini ya jino, ina maji ndani, na ukiiweka ghalani itaota ukungu. Anauma punje kila gunia, wakati mwingine tatu. Meno yake ndiyo yaliyolipa shule yangu.

Nilirudi kutoka masomoni nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, mdomo wazi, mkono hewani, wakulima wamemzunguka.

"Ni nini?"

"Nimeuma," akasema bila kufunga mdomo.

"Ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Akaacha mizani, wakulima, magunia, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Wamormoni, mimi nikikimbia nyuma na mkoba wangu unaonukia dhambi. Aligonga. Walitoka wote wawili. Na yeye, ambaye angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua, akatema punje kwenye kiganja na kuwaonyesha.

"Mwambie," akaniambia. "Mwambie nimeivunja."

Nikamwambia. Nilitaka sana kusema kitu kingine. Kwa Kifaransa ningeweza kusema amekuja kuwasalimu. Lakini Tante alikuwa analia, na sijawahi kumwona Tante akilia, hata siku ile tulipongoja kofia.

Vijana walitazamana. Katika vitabu vyao vyote hakukuwa na habari ya kuuma. Kunywa, ndiyo. Kuuma kikazi, hapana. Muivory akampigia simu mkubwa wao aliyekuwa Beni, akaweka sauti ya nje, na mtandao ukawa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua nyumba.

"Anauma ili aonje?" sauti iliuliza.

"Hapana, apate kusikia," nikajibu.

"Kusikia nini?"

"Punje ikilia."

Simu ikakwaruza tu. Nilidhani simu imekatika.

"Kisha anameza?"

Nikamuuliza Tante. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama anakula mizani.

"Kumeza kahawa mbichi? Niko mbuzi? Nakuwaka natema! Uliza mutu wote. Uwanja mzima ni mate yangu!"

Hilo nilitafsiri kwa furaha kubwa. Tulisikia mtu akicheka kule Beni, na nadhani hakuwa peke yake. Kisha ile sauti ikasema kwamba kazi ni kazi, kutema ni kutema, na kwamba mwanamke ambaye ameacha wateja wake uwanjani ili aje kusema ukweli ambao hakuna aliyemuuliza, asicheleweshwe na mtu tena. Aandae nguo nyeupe.

Tante akafuta macho. "Basi nirudi haraka," akasema. "Bale bakulima, nikibaacha kidogo, banachanganya na mawe."

Alhamisi hiyo hiyo bomba la mtaa likakauka. Ijumaa pia halikutoa hata tone. Nyuma ya nyumba waliyokodi kwa ajili ya kanisa walikuwa wamejenga kisima cha ubatizo cha matofali na saruji, kirefu hadi kiunoni, na ndani yake kulikuwa na mjusi mmoja na jani la ndizi. Waumini wao walikuwa wachache, wengi wakiwa akina mama wenye watoto mgongoni, na chemchemi iko chini kabisa ya mlima. Mumalagasi na Muivory walianza kubeba wenyewe Ijumaa mchana. Niliwakuta saa ya mapumziko, wamepanda mara tano kila mmoja. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu wa mjusi.

Mumalagasi alikaa juu ya bidoni, dumu lake tupu la maji, akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba labda Mungu hataki yeye abatize.

Nikamwambia Mungu hana habari na bomba letu, hata wenye kulisimamia hawana. Kisha nikarudi shuleni mbio, kabla ya kengele ya mwisho.

Unatakiwa kujua kwamba Tante anaogopwa na kila mwanafunzi wa mtaa wetu. Hakuna ambaye hajafukuzwa naye kwa kukanyaga kahawa yake uani. Basi nikapanda juu ya benchi, darasa zima likiwa linafunga mikoba.

"Benangu," nikasema, "kesho saa nane Tante yangu anatiwa mu maji. Mwili muzima. Kama biskuti mu chai."

Mikoba ikabaki nusu wazi.

"Unadanganya," mvulana mmoja akasema.

"Nakuapia. Na mwenye atamutia ni ule Muzee mwembamba."

Benchi zikapinduka. Kila mtu alitaka kujua ni wapi, na kama mtu anaweza kuingia. Nikainua mkono.

"Kuingia, ni bidoni moja ya maji. Yenye kujaa. Hakuna bidoni, unabaki inje ya lupango, nyuma ya lango, unasikia sauti tu."

Jumamosi asubuhi njia ya kutoka chemchemini ilikuwa ya manjano kwa bidoni. Walikuja darasa langu, wakaja darasa la nne, wakaja wadogo zao na vidumu vya mafuta ya kula. Walikuja wakatoliki, waprotestanti, na vijana wawili ambao hawasali popote isipokuwa kwenye uwanja wa mpira. Wakulima wa Alhamisi walikuja na chukudu zima la maji, wakaingia wanne kwa tiketi moja, wakabishana nami mlangoni kama wanavyobishana na Tante kwenye mizani. Nilisimama langoni, nikichungulia kila bidoni kama imejaa. Mmoja aliyeleta nusu nilimwambia ataona nusu.

Saa saba na robo maji yalipita kiunoni. Mumalagasi alitoka akiwa na suruali nyeupe na shati jeupe, akaona ule umati, akauliza kama watu wote hawa ni jamaa wa Maman. Nikamwambia ndiyo. Kwetu si uongo mkubwa sana.

Wa mwisho kufika langoni alikuwa Babu. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Mkononi alikuwa na thermos yake.

"Babu, hapana kuingiza kahawa hapa!"

Akanipita, akaifungua, akaimimina taratibu ndani ya kisima. Yalikuwa maji. "Nimelipa," akasema, akaenda kutafuta kiti.

Tante alitoka na kanzu nyeupe, bila kitenge kichwani, bila mizani, bila sauti. Sikuwa nimewahi kumwona mdogo. Umati wote uliokuja kucheka ulisahau. Alishuka ngazi, na maji ya Butembo si maji ya mchezo, yanauma mfupa. Akasema "Yesu!" kwa sauti kubwa, watu wakaitika "Amina!" wakidhani ibada imeanza.

Mumalagasi alimshika mikono, akainua mkono wake wa kulia, akasema maneno kwa Kiswahili, yote, bila kukosea hata moja. Nilikuwa nimemfundisha, na sikuwa nimechezea hata silabi. Kisha akamlaza.

Tante akaenda chini, na mguu wake wa kulia ukapanda juu kama mlingoti. Mashahidi wawili wakatikisa kichwa. Umati ukalia "Oooh!" kama mpira umegonga mwamba.

Mara ya pili. Maneno tena. Mguu ukabaki chini, uso ukaenda, kila kitu kikaenda, na palepale, maji yalipomfunika, Tante akachomoa mkono wake wa kulia, akafanya ishara ya msalaba. Miaka hamsini ya misa haitoki kwa wiki moja. Mkono ulibaki juu ya maji, ukimbariki kila mtu. Mashahidi walitazamana. Wakatikisa kichwa.

Tante alitoka akikohoa, meno yakigongana. Mumalagasi naye alikuwa anatetemeka mpaka maji yalikuwa na mawimbi. Mzee wa kanisa alisogea ukingoni, akamwambia Muivory kwa upole avue viatu. Nikaona uso wa Mumalagasi ukizimika.

Hapo kiti kikasogezwa. Babu akasimama, akasema kwa ile sauti iliyofundisha nusu ya mtaa Baba Yetu:

"Wewe, binti! Ule mukono wa musalaba, shika nayo pua! Na magoti! Ulisema mwenyewe, gunia inabebwa na magoti! Na wewe, kijana, hapana kumuogopa. Hata mimi nilimubatiza akiwa mudogo, alipiga mateke vile vile!"

Tante alimtazama baba yake. Kisha akashika pua. Akakunja magoti. Mumalagasi akapanua miguu, akasema yale maneno mara ya tatu, sauti ikikwaruza kwa baridi, akamlaza polepole, polepole, kama mtoto anayelala.

Maji yakajifunga juu yake.

Hakukuwa na kidole. Hakukuwa na kiwiko wala ncha ya kanzu. Kwa kitambo kifupi hakukuwa na Tante duniani, na watu wote mle uani hawakupumua. Kisha yule mwembamba akasukuma kwa magoti, na Tante akapanda kutoka majini kama lori linalotoka kwenye shimo, maji yakimwagika pande zote. Mashahidi wakainamisha kichwa: ndiyo.

Sijui nieleze vipi kelele iliyofuata. Watu walipiga bidoni tupu kama ngoma. Akina mama walipiga vigelegele, wakatoliki kwa wasio wakatoliki. Wavulana wa darasa langu, waliokuja kuona biskuti, walikuwa wanarukaruka wamekumbatiana. Tante alimshika Mumalagasi mkono, akauinua juu kama mshindi wa ndondi, akamzungusha ndani ya kisima ili kila upande umwone. Yule kijana alikuwa analia na kucheka na kutetemeka, vyote kwa wakati mmoja.

Jumapili sina la kusimulia, nilikuwa kwenye misa yangu nikisinzia.

Jumatatu nilipaswa kuwa kwenye mtihani wa hesabu. Lakini Tante aliamua ghafla kwamba ana kazi Beni, akapanda gari lile lile lililowapeleka Wamormoni, na mkalimani hawezi kuachwa. Kwenye kila barrière, kizuizi cha askari, alikuwa wa kwanza kufungua dirisha.

"Mokanda na yo wapi?" askari mmoja alimuuliza Mumalagasi karatasi zake kwa Kilingala. Kijana akaanza kutafuta kwenye mkoba.

"Huyu hapana kumusumbua," Tante akasema akimshika bega. "Huyu njo alinizamisha."

Askari alimpima Tante kwa macho, juu mpaka chini. Akampima Mumalagasi. Akarudi kwa Tante.

"Peke yake?"

"Peke yake!"

"Apite," askari akasema, akampigia saluti.

Beni ilikuwa na joto, tulifika Mavivi tukiwa tumevua masweta. Wasiosafiri hawaruhusiwi kupita uzio. Mumalagasi alitupa mkono mimi na Tante, akamkumbatia Muivory, akaenda na sanduku lake kuelekea kwenye ndege ndogo iliyokuwa inangoja. Alikuwa ameshafika mbali aliposikia sauti inayosikika kutoka mizani mpaka soko kuu.

"Muzee! Mwambie mama yako! Nilizama yote!"

Aligeuka, akaangusha sanduku, akainua mikono yote miwili juu. Pembeni yetu kwenye uzio mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alishtuka, akauliza ni nani amezama, na ni wapi, na kama amepatikana. Tante akajipanga vizuri, akaweka mkono kiunoni, akaanza kumweleza, kuanzia kwenye matope.